Kukwama katika Kiingereza cha mawasiliano ya tembo: dalili, vyanzo na namna ya kujinasua

Nina darasa la jioni la kusoma Kiingereza hapa Tabora mjini. Wanaokuja ni wa makundi mawili: wanafunzi wa kidato cha pili hadi cha nne, na vijana waliomaliza shule wanaotafuta kazi ya kuongoza wageni katika Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla, iliyoanzishwa mwaka 2019. Tunasoma mengi, lakini makala zinazoeleza jinsi tembo wanavyowasiliana ndizo tunazozirudia zaidi, kwa kuwa zina sayansi ndani yake na zinamhusu mnyama ambaye baadhi yao wamekua wakisikia habari zake shambani kwa babu. Makosa yanayojitokeza ni yaleyale kila mwaka. Nimeyapanga kwa dalili, kama msomaji mwenyewe anavyolalamika, na chini ya kila dalili ninaanza na chanzo ninachokiona mara nyingi kuliko vingine.

Maneno magumu hayanitishi sana. Ukikutana na neno kama “infrasound” unajua kabisa kwamba hulijui, kwa hiyo unasimama na kulitafuta. Linalokupoteza ni lile dogo ulilofundishwa shule ya msingi, ukaliamini, ukapita nalo mbio.

Kabla hujafungua kamusi

Soma kichwa cha makala na maelezo yaliyo chini ya picha. Irudie sentensi iliyokukwamisha kwa sauti, taratibu, utafute kitenzi chake na anayekitenda. Kisha jiulize: hii niliyoielewa inaweza kweli kutokea porini? Kama tembo wako amebeba sanduku au amepiga simu, kosa liko kwenye neno unalolijua. Ukaguzi huu haugharimu hata bando, na nusu ya matatizo huishia hapa.

Dalili ya kwanza: “Maneno yote nayajua, ila sentensi haileti maana”

Niliwahi kuandika ubaoni sentensi hii: “The cow raised her trunk and called to the calf.” Binti mmoja wa kidato cha pili akanipa tafsiri yake: ng'ombe aliinua sanduku lake akampigia simu ndama. Hakukuwa na neno hata moja asilolijua. Ndiyo maana nilimwomba asiifute, tuifanyie kazi pale pale ubaoni.

Chanzo cha kawaida kabisa ni kushikilia maana ya kwanza uliyojifunza. Katika maandishi ya tembo, “cow” ni tembo jike aliyekomaa, “bull” ni dume, na “calf” ni mtoto wa tembo. “Calf” hilohilo, kwenye somo la mwili wa binadamu, ni shavu la mguu. “Trunk” lina maana nyingi: shina la mti, sanduku la safari, kiwiliwili, buti la gari kwa Wamarekani, na mkonga. “Call” ni mlio wenye ujumbe. Ukiona “contact call”, ni mlio wa kutafutana: tembo aliyeachana na wenzake huutoa, halafu hutulia akisikiliza kama atajibiwa. Na “charge” haina uhusiano na simu yako. Ni tembo kumjia mtu au mnyama mbio ili kumshambulia. Neno hilo nitalirudia mwishoni kwa sababu lina hatari yake.

La kufanya: soma maelezo ya kamusi mpaka chini. Kamusi huanza na maana inayotumika sana, na mkonga unaweza kuwa wa nne au wa tano kwenye orodha. Wanafunzi wengi wanaishia namba moja.

Chanzo cha pili kinatoka kwenye Kiswahili chetu wenyewe, na watu wa Tabora na Ujiji wana sababu ya kukijua zaidi. Sisi tunasema pembe za ndovu. Misafara ya karne ya 19 ilipita hapa na pembe hizo mabegani mwa wapagazi Wanyamwezi, kuelekea pwani, na neno likatukaa. Kwa hiyo mwanafunzi akiandika Kiingereza huweka “horns”. Kiingereza kinasema “tusks”, na kwa upande wa sayansi kiko sahihi: yale ni meno ya mbele yaliyorefuka, hayafanani kwa asili na pembe za mbuzi au nyati. “Ivory” ni mali yenyewe, ile dutu nyeupe inayochongwa. Tembo hai ana “tusks”. Bangili kwenye jumba la makumbusho ni ya “ivory”.

Hapohapo kuna neno “mate”. Kwa Kiingereza ni mwenzi wa kuzaliana. Nimesahihisha daftari lililosema kwamba dume hutembea mbali kutafuta mate. Kilichomchanganya kijana yule kinaeleweka, kwa sababu aya iliyotangulia ilizungumzia majimaji yanayomtiririka dume kichwani, na mate nayo ni majimaji.

Chanzo cha tatu, cha nadra lakini kigumu zaidi, ni majina ya maneno mawili. Kiswahili hutanguliza kitu ndipo kieleze ni cha nini: tezi ya panja. Kiingereza kinakiweka kitu mwishoni: “temporal gland”. Msomaji anayeanza kushoto hulikamata “temporal”, akadhani ni “temporary”, akaandika tezi ya muda. Anza na neno la mwisho, uliza “gland ni nini?”, ukipata tezi ndipo urudi nyuma. Tezi hii iko kati ya jicho na sikio, na hutoa majimaji tembo anapokuwa na msisimko mkubwa. Dume akiwa katika kipindi cha “musth”, yaani kipindi cha ashiki na ukali, humtiririka hadi shavuni. Neno “musth” si la Kiingereza kwa asili. Limetoka Uajemi likapitia India, na maana yake ya kwanza ni kulewa. Wenzetu wa Kigoma, wanaoishi na michikichi na wagema wake, hulishika haraka nikiwakumbusha kwamba kwa Kiswahili pia tembo ni mnyama na tembo ni kinywaji.

Dalili ya pili: “Kila mlio ninautafsiri kulia”

Chanzo chake kikubwa ni kwamba msomaji hajawahi kuusikia mlio wenyewe. Anakutana na “rumble”, “trumpet” na “roar” kwenye mstari mmoja, na kwa kuwa hana sauti kichwani, yote yanakuwa kulia. Tiba yake si kamusi. Sikiliza kwanza, soma baadaye. Shirika la ElephantVoices, lililoanzishwa na Joyce Poole na Petter Granli, limeweka mtandaoni hazina kubwa ya sauti na video za tembo pamoja na maelezo ya kila tendo. Poole alianza kuwachunguza tembo wa Amboseli, Kenya, mwaka 1975, kwa hiyo maneno utakayoyakuta huko ndiyo wanayotumia waandishi wengine.

“Trumpet” ni ule mlio mkali kama wa tarumbeta, hewa ikisukumwa kwa nguvu kupitia mkonga. Tembo huutoa akishtuka, akikasirika, hata akicheza. “Roar” hutokea kooni, mkali na wa kukwaruza. “Rumble” ndilo neno muhimu kuliko yote, kwa sababu mazungumzo mengi ya tembo yamo humo. Vitabu vyetu huandika ngurumo. Mimi nimeacha. Ngurumo kwetu ni ya radi na simba, ina kishindo na kutisha. Ninawafundisha waandike mvumo, kwa sababu ngoma huvuma, upepo huvuma, na mvumo unaweza kuwa mkubwa au wa upole. Kuna mvumo wa salamu, na kuna ule watafiti wanaouita “let's go rumble”: tembo husimama akiwa ameelekea anakotaka kwenda, anavuma, na kuwangoja wenzake. Ukiandika ngurumo hapo umemfanya agombe.

Neno hili la mvumo lilinifaa siku tuliposoma habari za nyuki. Mtafiti Lucy King na wenzake waliwachezea tembo nchini Kenya rekodi ya sauti ya nyuki waliochokozwa. Tembo wakaondoka wakitikisa vichwa, na wakatoa mvumo wa aina yake. Mvumo huo ulipochezwa peke yake kwa tembo wengine, pasipo sauti ya nyuki, nao wakaondoka. Makala ilisema nyuki walikuwa “disturbed”, na darasa likakwama hapo. Kijana mmoja kutoka Sikonge, ambaye baba yake ana mizinga, akanyoosha mkono.

“Mwalimu, nyuki wakitulia wana mvumo wao. Ukiugonga mzinga, mvumo unapanda. Hata gizani unajua umewachokoza.”

Kwa maneno hayo darasa zima lilipata “disturbed”, likapata na “pitch”, yaani wembamba au uzito wa sauti, neno nililokuwa nimelihangaikia wiki nzima. Tabora ni mkoa wa asali, una hata chuo cha ufugaji nyuki. Maneno “hive”, “swarm” na “sting” watu hapa wana picha zake kamili kichwani kabla ya kuyajua kwa Kiingereza. Anza na kile unachokijua kwa mikono yako, ukitafutie neno lake.

Dalili ya tatu: “Nimeandika tembo wananong'ona, mwalimu amekata”

Dalili hii ninaichukua kwa uzito kuliko zote, maana inaharibu sayansi yenyewe. Sentensi inayoileta huwa kama hii: “Some of these calls are too low for humans to hear.” Karibu darasa zima husoma kwamba tembo hutoa sauti ndogo ili binadamu asiwasikie.

Chanzo cha kwanza ni “low”. Sisi tukisema ongea kwa sauti ya chini, tunamaanisha punguza sauti. Kiingereza kina “low” ya namna hiyo, lakini katika makala za tembo “low” ni sauti nzito, kinyume cha nyembamba. Besi ya kwaya ni “low” hata inapotikisa madirisha ya kanisa. Kwa sauti kubwa neno ni “loud”, na kwa sauti ndogo ni “soft” au “quiet”. Mvumo wa tembo unaweza kuwa “low” na “loud” kwa pamoja, yaani mzito na wenye nguvu. Sikio la binadamu hupokea mitetemo kuanzia takribani 20 kwa sekunde, ambayo ni hezi 20, mpaka takribani hezi 20,000. Sehemu ya msingi ya mivumo mingi ya tembo iko chini ya hiyo 20 au karibu nayo. Nguvu ipo tele, ila sikio letu halina mlango wa kuiingiza. Hiyo ndiyo maana ya “infrasound”.

Katy Payne, mtafiti wa Marekani aliyekuwa amezoea nyimbo za nyangumi, alikutana na jambo hili mwaka 1984 katika bustani ya wanyama ya Portland, Oregon. Hakusikia kitu. Alihisi hewa ikipwitapwita karibu na tembo, kama alivyowahi kuhisi utotoni akisimama karibu na kinanda kikubwa cha kanisani. Waandishi wakisimulia hapo hutumia “throb”, neno unaloweza kulikuta pia kwenye maelezo ya jipu linalopwita au kichwa kinachogonga. Baadaye walirekodi, wakaicheza tepu kwa kasi kuliko ilivyorekodiwa, na mivumo ikapanda hadi kusikika. Ukielewa kwa nini kuharakisha tepu kuliwasaidia, umeelewa “low”.

Chanzo cha pili ni neno masafa. Redioni tunasema masafa ya FM, ambayo ni “frequency”. Barabarani tunasema safari ya masafa marefu, ambayo ni “distance”. Sasa jaribu kutafsiri “Low-frequency sounds travel long distances.” Ukiandika kwamba sauti za masafa ya chini husafiri masafa marefu, hata wewe mwenyewe utachanganyikiwa ukiisoma kesho. Andika: sauti zenye mitetemo michache kwa sekunde hufika mbali. Mvumo wa tembo hufika kilomita kadhaa, na jioni hewa inapotulia hufika mbali zaidi kuliko mchana.

Chanzo cha tatu ni “range”, ambalo hubadilika kwa kila aya. “Hearing range” ni sauti ambazo sikio linaweza kuzipokea. “The range of a call” ni umbali ambao mlio hufika. “Home range” ni eneo ambalo tembo huzunguka katika maisha yake. Usilipe tafsiri moja kwenye daftari. Andika maneno mawili mawili, “range” na jirani yake.

Chanzo cha nne hujitokeza makala inapoingia ardhini. Caitlin O'Connell-Rodwell alichunguza tembo wa Etosha, Namibia, na kueleza jinsi wanavyopokea mitetemo inayosafiri kwenye udongo. Waandishi huita “seismic communication”. Watu wa Kigoma, walio kwenye bonde la ufa, hufikiri mara moja tetemeko la ardhi, na hawako mbali, kwani shina la neno ni hilohilo. Ila hapa ni mtetemo mdogo unaopokelewa kwa nyayo na mkonga. Tembo husemwa “freeze”, yaani husimama tuli. Hagandi kwa baridi. Huinamia mbele, wakati mwingine akainua mguu mmoja.

Nilipochoka kueleza hayo kwa chaki, niliwachukua jioni moja mpaka stesheni. Tabora ni njia panda ya Reli ya Kati, njia moja inaenda Kigoma na nyingine Mwanza. Niliwaambia wavue viatu, wasimame jukwaani, wasiongee. Treni ilikuwa bado haionekani. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha binti yule wa sanduku akaangalia miguu yake. Hakuwa amesikia honi wala injini, sementi ndiyo ilikuwa imeanza kumtekenya nyayo. “Vibration,” akasema, kabla sijauliza. Ndipo sauti yenyewe ikafuata, nzito, halafu taa.

Dalili ya nne: “Nimelitafuta kwenye kamusi, halipo”

Hii ni nyepesi, tuipite haraka. Angalia kwa mpangilio huu:

1. Umeliandika kama unavyolitamka. Wengi wetu huku Unyamwezini, na si huku peke yake, tunapishanisha r na l, kwa hiyo “rumble” linatafutwa kwa L. Jaribu herufi zote mbili kabla ya kukata tamaa.
2. Limebadilika umbo. “Calves” liko chini ya “calf”. “Fled” liko chini ya “flee”, na “heard” chini ya “hear”. Angalia vizuri “heard” na “herd”, maana hutamkwa sawa, na la pili ni kundi la wanyama.
3. Tahajia ni ya Marekani na kamusi yako ni ya Uingereza. “Behavior” na “behaviour” ni neno moja.
4. Ni istilahi ya kitaalamu. Usipoteze saa nzima hapo, mpelekee mwalimu wa Baiolojia.

Dalili ya tano: “Sijui ni tembo yupi anafanya nini”

Kiswahili husema anaongoza, basi, awe mke au mume. Kiingereza hakikuachii hivyo. Kila “she” na “he” katika makala za tembo ina habari ndani yake, na msomaji anayezitafsiri zote kuwa yeye anaitupa habari hiyo bila kujua. Matokeo yake nimeyaona mara nyingi: muhtasari unaosema dume mzee huongoza familia. Familia ya tembo ni majike na watoto wao, na anayeongoza ni jike mwenye umri mkubwa, “matriarch”. Madume huondoka wakibalehe, wakiwa na takribani miaka 12 hadi 15.

Chukua penseli, zungushia kila “she”, “he”, “her” na “his”, kisha chora mstari mpaka kwenye jina linalorejelewa. Fanya hivyo kwa aya mbili tu, jicho litazoea. Ukikuta “it”, mwandishi hajui jinsia au hajali kuitaja, usimbunie.

Chanzo kingine cha mkanganyiko huu ni maneno yanayoonekana ya kibinadamu. Mwaka 2001, Karen McComb na wenzake walichapisha utafiti wa Amboseli ulioonyesha kwamba familia zenye kiongozi mzee zilikuwa bora katika kutambua milio ya “strangers”. Wanafunzi huandika watalii. Hao ni tembo wa familia nyingine wasiozoeleka.

Dalili ya sita: “Nimeelewa yote, lakini muhtasari umepata alama ndogo”

Leta daftari nione, na karibu kila mara nakuta kitu kimoja: muhtasari una uhakika kuliko makala.

Chanzo kikuu ni maneno madogo ya tahadhari. “May” tulilijua kwa mara ya kwanza tukiomba ruhusa ya kutoka darasani, kwa hiyo “Elephants may use names” inakuwa tembo wanaruhusiwa kutumia majina. Maana yake ni huenda wanatumia. “Appear to” ni yaelekea. “Suggest” ni dokeza. “Indicate” ni onyesha. “Demonstrate” ni onyesha kwa ushahidi mzito. Kuna ngazi hapo, na mwanasayansi huchagua kidato chake kwa makini. Ukipandisha “suggests” ukaiita imethibitishwa, umemsingizia.

Mfano ninaoutumia ni utafiti uliochapishwa Juni 2024 na Michael Pardo na wenzake kuhusu tembo wa Samburu na Amboseli, nchini Kenya. Waliipa kompyuta mivumo 469, wakaitaka itabiri kila mvumo ulielekezwa kwa tembo gani. Ikapatia asilimia 27.5. Ilipolishwa data zisizo na maana, ilipatia takribani asilimia 8. Kisha wakawachezea tembo 17 rekodi, na tembo hao waliitikia kwa nguvu zaidi mlio uliokuwa umeelekezwa kwao kuliko ule wa mwingine. Vichwa vya habari duniani vikasema tembo wanaitana kwa majina. Ndani ya maandishi ya watafiti utakuta “name-like calls”: milio iliyo kama majina. Hiyo “like” ndiyo inayobeba uaminifu wao wote. Mwanafunzi anayeiacha hajaelewa, hata kama maneno mengine 500 ameyapata.

Katika habari hiyohiyo kuna “arbitrary”. Kamusi itakupa kiholela, au bila sababu. Hapa maana ni nyembamba zaidi: sauti ya jina haifanani na kinachotajwa, wala haimwigi mwenye jina. Neno mti halina umbo la mti. Pomboo huitana kwa kuigana mluzi; tembo hawakuonekana kuigana.

Chanzo cha pili ni “more likely”. Mwaka 2014, McComb na wenzake walionyesha kwamba tembo wa Amboseli walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujihami na kuondoka waliposikia sauti za wanaume wa Kimaasai kuliko za wanaume wa Kikamba, au za wanawake na watoto wa kiume wa Kimaasai. Daftari likisema tembo huwakimbia Wamaasai, limeondoa ulinganisho, umri na jinsia, mambo matatu yaliyoufanya utafiti uwe wa kushangaza.

Dalili ya saba: “Simu imenitafsiria, lakini…”

Programu ya tafsiri hukosea palepale unapokosea wewe, kwenye “trunk” na “low” na “call”, ila inakosea kwa Kiswahili kilichonyooka, kwa hiyo unaiamini. Itumie kwa neno moja moja, na uiulize kinyumenyume: chukua jibu lake la Kiswahili, lirudishe Kiingereza, uone kama unarudi ulikotoka. Ukipewa shina la tembo, funga programu urudi kwenye kamusi.

Mahali pa kusimama na kumwita mtaalamu

Kama herufi zinafifia au zinakurukia, kichwa kinakuuma kila ukisoma robo saa, au unasogeza karatasi puani, acha mazoezi yote niliyoandika hapa na uende ukapimwe macho hospitali. Nimekuwa na mwanafunzi niliyemdhania mvivu wa kusoma kwa muhula mzima. Alipovaa miwani alisoma ukurasa wote bila kusimama, nami nikamwomba radhi mbele ya wenzake.

Kama ni istilahi ya sayansi na mtihani uko karibu, usikisie maana wala usiichukue kwangu. Mwone mwalimu wa somo.

Na la tatu. Makala nyingi hueleza “mock charge”, tembo anayekuja mbio kisha akasimama kabla ya kumfikia mtu, na hutoa dalili za kuitofautisha na “real charge”: masikio yamekaaje, mkonga uko wapi. Ni msamiati mzuri wa mtihani. Mwaka jana, tulipomaliza ukurasa huo, kijana anayetoka kijiji cha jirani na Ugalla akauliza, “Kwa hiyo mwalimu, nikizijua hizi ninaweza kubaki shambani nikamwangalia?”

Nilifunga kitabu. Nikamwambia hapana, na nikamwambia hata wanaowachunguza tembo maisha yao yote hukaa ndani ya gari. Akiwaona tembo shambani aondoke mapema, asiwasogelee, asiwarushie kitu, atoe taarifa kwa mwenyekiti wa kijiji na kwa afisa wanyamapori. Kisha tukafuta “mock charge” ubaoni, nikaandika namba ya simu ya afisa huyo mahali pake, na kila mmoja akainakili kwenye jalada la ndani la daftari lake kabla ya kwenda nyumbani.